Boma Lililokosa Paa: Nani Anastahili Mkopo wa Nyumba?

 

Ukitoka Buhongwa, hapa Mwanza, kuelekea Usagara na Misungwi, tazama pande zote mbili za barabara. Utaona nyumba za matofali ya kuchoma zilizosimama hadi kwenye lenta, madirisha matupu, na pale ambapo pangekuwa sebuleni umeota mpapai unaozaa. Mgeni akipita husema hayo ni mapagala, wenyewe wamekimbia. Hawajakimbia. Mwenye boma yupo, pengine amepanga chumba kimoja Mabatini yeye na wanawe, na kila akishika laki mbili anawaza bati. Tofali alilinunua mwaka mpunga ulipokubali, msingi ulitoka kwenye pamba, lenta ikaja baada ya kuuza ng'ombe. Boma lile ni akiba yake. Bahati mbaya akiba hiyo imeunganishwa kwa tope, na kila masika mvua inakula riba.

Swali langu leo ni hili. Mtu huyu amekwishajenga theluthi mbili ya nyumba kwa jasho lake na hadaiwi na mtu. Kwa nini hastahili kukopeshwa theluthi iliyobaki, ilhali mwenye mshahara ambaye hajaweka hata jiwe moja anastahili kukopeshwa nyumba nzima?

Nauliza kwa sababu mikopo ya nyumba yenye mkono wa Serikali ipo nchini, na si jambo la jana. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973. Mwaka uliofuata ukaundwa Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima: mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi alitozwa asilimia 2 ya mishahara aliyolipa, na fedha zikaenda Benki ya Nyumba ili zikopeshwe. Mkulima wa Kwimba alikuwemo, tena kwa kutajwa. Mwaka huohuo wa 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa viwanja na huduma katika miji mitatu: Dar es Salaam, Mbeya na hapa kwetu Mwanza. Kwetu ulikuwa Nyakato. Viwanja vilipimwa kwanza, barabara zikachongwa, maji yakavutwa, halafu ndipo mtu akagawiwa kiwanja ajenge kidogo kidogo kwa uwezo wake, na benki ikawepo kumsukuma. Kwenye mitaa ile ya mradi hadi leo gari la zimamoto linaweza kufika mlangoni. Jaribu kulifikisha juu kwenye mawe ya Igogo.

Vijijini nako mambo yalikuwa yanachemka. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu kwa mamilioni, na watu waliohamishwa wanahitaji nyumba. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwakemea wananchi kwa kulewa saruji na bati. Alisema tofali la kuchoma na kigae vinatosha, lakini watu wanangoja “udongo Ulaya”. Kwenye tofali Mwalimu ameshinda. Zunguka Magu na Misungwi uone matanuri yanavyofuka moshi kila kiangazi, ingawa miti iliyoishia humo ni kesi nyingine. Kwenye paa alishindwa. Vigae havikushika, nyasi za kuezekea zimekuwa adimu kwa sababu mashamba yamemeza mbuga, na nyumba ya msonge sasa wengi wanaiona makumbusho pale Bujora. Usukumani paa ni bati, na bati ni fedha taslimu.

Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Ilikuwa imekopesha kwa riba ya chini wakati mfumuko wa bei wa miaka ya themanini ulikuwa ukivuka asilimia 30 kwa mwaka, kwa hiyo hata mkopaji mwaminifu alirudisha fedha zilizokwisha kupungua nguvu. Na waaminifu hawakuwa wengi. Mikopo ilitoka kwa kujuana, marejesho yakasuasua, na mkulima aliyewekwa kwenye jina la mfuko akaona sehemu kubwa ya fedha ikijenga mjini. Kwa miaka kama kumi na tano baada ya hapo, Mtanzania wa kawaida akitaka nyumba alikuwa na mfuko wake mwenyewe na ndugu zake, basi.

Mlango ulianza kufunguliwa tena mwaka 2008, Bunge lilipopitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba pamoja na ile ya umiliki wa sehemu ya jengo. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuyakopesha mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kumkopesha mteja wa nyumba kwa miaka mingi. Fedha za kuanzia zilitoka kwenye mradi wa Benki ya Dunia uliopitia Serikalini. Kazi imefanyika, tusiwe wachoyo wa sifa. Zamani mabenki yaliyotoa mkopo wa nyumba ulikuwa unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa yamezidi thelathini, na muda wa kulipa unafika miaka ishirini na zaidi.

Sasa shika hesabu mbili. Makadirio yanayotumiwa na Serikali na mabenki yanasema nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji mapya ya nyumba 200,000 kila mwaka. Mikopo ya nyumba iliyopo vitabuni mwa mabenki yote, nchi nzima, katika miaka ya karibuni imekuwa elfu sita na ushee. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mkoa wetu wa Mwanza peke yake ulikuwa na watu 3,699,872. Yaani wakopaji wote wa nyumba wa Tanzania ungeweza kuwakusanya kwenye Uwanja wa CCM Kirumba na viti vikabaki.

Kwa nini wachache hivyo? Nenda benki ukaulize. Utaombwa hati miliki ya kiwanja, kibali cha ujenzi, ramani, makadirio ya gharama, ripoti ya mthamini, na uthibitisho wa kipato, ambao kwa mwajiriwa ni hati za mshahara. Utatakiwa kuwa na kianzio. Na kama una mwenza, lazima aridhie kwa maandishi, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani kimyakimya. Kifungu hicho, cha 114, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kimewaokoa akina mama wengi waliokuwa waamke siku moja wakute dalali wa mahakama mlangoni kwa deni wasilolijua.

Tuseme vyote hivyo unavyo. Tuseme wewe ni mwalimu au muuguzi wa Serikali hapa Sengerema, mshahara wako ni shilingi milioni moja kabla ya makato, na unaomba milioni 40 kwa miaka kumi na tano. Riba za mikopo ya nyumba kwetu zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Chukua 17. Rejesho lako la mwezi linakuwa kama shilingi 615,000, na hadi unamaliza utakuwa umelipa karibu milioni 111 kwa nyumba ya milioni 40. Lakini hutafika huko, kwa sababu mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Ukishatoa kodi, pensheni na bima ya afya, kinachoweza kukatwa ni kama 470,000. Umegonga mwamba.

Hesabu hiyohiyo ifanye kwa riba ya asilimia 9. Rejesho linashuka hadi kama 406,000, na mwalimu wetu anaingia bila hata kupandishwa daraja. Wala sijaitoa asilimia 9 mfukoni mwangu. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na mabenki makubwa yakatangaza mikopo ya kilimo ya asilimia 9. Kwa hiyo tunajua riba hushuka Serikali ikiamua kuweka bega. Kwenye nyumba bega hilo bado halijawekwa kwa uzito wa namna hiyo.

Kwa watumishi wa Serikali kidogo kuna njia za pembeni. Upo mfuko ulio chini ya Wizara ya Ardhi wa kuwakopesha watumishi kwa riba nafuu. Ipo Watumishi Housing, iliyoanzishwa mwaka 2013 kujenga nyumba za kuwauzia watumishi kwa malipo ya muda mrefu, na nyumba zake ziko hata hapa Kisesa. Kabla ya hapo, kuanzia 2002, Serikali iliuza nyumba zake kwa watumishi wake, jambo lililoacha maneno mengi ambayo leo siyagusi. Ninachotaka uone ni kwamba katika kila mlango wa namna hiyo, ufunguo ni ajira. Ukiwa na mwajiri, unajadiliwa. Usipokuwa naye, hujadiliwi.

Na Ziwa Victoria hili halina mwajiri.

Twende mwaloni. Kayenze, Igombe, au visiwa vya Buchosa na Ukerewe. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi wakati wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa haina maana. Kwa hiyo ana wiki za kupata na wiki za kushona nyavu na kukopa unga dukani. Katika giza zuri anaweza kupata kipato cha mwalimu kwa siku chache, na giza baya likaisha akiwa anadaiwa mafuta. Mama mchuuzi anayeanika dagaa na kuwapeleka Kirumba Mwaloni naye yuko kwenye saa hiyohiyo ya mwezi, na ikinyesha wakati dagaa wako chini kwenye mchanga, hasara ni yake. Sasa mpe mtu huyu mkataba wa benki unaosema tarehe 28 ya kila mwezi, shilingi kadhaa, bila kukosa, miaka kumi na tano. Atakosa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne ataandikwa mdaiwa sugu. Ila ukikaa chini na mama huyo akufungulie daftari lake la kikoba, utakuta mwaka mzima amelipa, tena zaidi ya mwalimu, ila kwa mabonde na milima.

Na anaishi wapi? Hapa ndipo habari ya mkopo inapokutana na habari ya maisha yenyewe. Kambi nyingi za wavuvi ni vibanda vya mabati na maturubai vilivyobanana mita chache kutoka majini, vyoo ni vya kuhesabu, maji ya kunywa yanachotwa palepale yanapooshewa vyombo, na kichocho na kipindupindu vinajulikana kwa majina kama majirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo lisilojengwa makazi. Sheria nzuri. Ziwa lenyewe lilikuja kuitetea mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipopanda hadi kimo ambacho wazee walikuwa wanakisimulia kwa habari ya mwaka 1964, yakaingia kwenye nyumba za pwani kuanzia Kisumu hadi kwetu. Lakini matokeo ya sheria hiyo kwenye mkopo ni kwamba mtu aliyezaliwa ndani ya mita 60 hana hati na hataipata. Anayemtaka ahame ampe pa kuhamia, na mkopo wa kuhamia haupo.

Mjini mlimani nako hadithi ni ileile kwa sura nyingine. Mabatini, Igogo, sehemu za Isamilo na Kirumba, watu wamejenga katikati ya majabali, nyumba nyingine imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Picha zake zinauzwa kwa watalii. Anayepandisha ndoo ya maji ya lita ishirini juu kule, au anayemshusha mgonjwa mgongoni usiku, haoni picha. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wamejaribu jambo la maana kwenye baadhi ya milima hiyo: mabomba madogo ya majitaka yanayopita uchochoroni kati ya nyumba na nyumba, pale ambapo gari la kunyonya choo halifiki milele. Na chanzo kipya cha maji cha Butimba, cha lita milioni 48 kwa siku, kimepunguza makali. Lakini hati bado. Zoezi la urasimishaji wa makazi lilipita Mwanza likasifiwa nchi nzima, na Waziri wa Ardhi wa wakati ule, William Lukuvi, akaagiza gharama isizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Mitaa mingine ilimaliza na watu wana hati zao kabatini. Kwingine wananchi walichanga, saveya akaja akapanda bikoni, halafu simu yake ikaacha kupatikana. Kama wewe ni mmojawapo, unajua ninachosema.

Sasa kijijini, ambako ndiko nilikoanzia. Mwenye boma pale Misungwi anaweza kuwa na hati ya haki miliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile Namba 5 ya mwaka 1999. Kwa maandishi, hati hiyo inakubalika kuwa dhamana. Lakini ukiifikisha kaunta, kijana wa mikopo anaiangalia kwa heshima, anakurudishia. Simlaumu sana. Mkopaji akishindwa, benki itaiuza nyumba ile kwa nani? Ardhi ya kijiji haihami kwenda kwa mtu wa nje mpaka Halmashauri ya Kijiji iridhie. Na hata ikiridhia, nani atakayekwenda kununua nyumba iliyo katikati ya mji wa ukoo, makaburi ya babu zao yakiwa nyuma ya jiko, shemeji upande huu na baba mdogo upande ule? Mnunuzi hatalala usingizi. Nyumba ya kijijini ni mali kubwa kwa mwenyewe na mali ndogo kwa benki, na hakuna semina ya elimu ya fedha itakayobadilisha hilo.

Kwa hiyo wanaosema tuwapimie wanavijiji wote ardhi, wapate hati, mikopo itawafuata, mimi nawaambia wapime, hati ina faida zake nyingi, ugomvi wa mipaka utapungua na mjane atapata pa kusimamia. Mkopo wa nyumba hautakuja kwa sababu hiyo peke yake.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani, nchi ya mabenki, iliona mapema kwamba benki haiendi shambani kwa hiari. Tangu sheria yao ya nyumba ya 1949, Wizara ya Kilimo, ndiyo, ya Kilimo, inakopesha watu wa vijijini nyumba. Kila wilaya imewekewa ukomo wa kipato: ukiuzidi, hustahili, nenda benki. Aliye chini yake anaweza kukopeshwa bila kianzio, kwa miaka 33, au 38 akiwa maskini zaidi, na riba inaweza kushushwa kwa ruzuku hadi asilimia 1. Na nyumba yenyewe lazima iwe salama, yenye maji na choo cha kueleweka. Tazama walivyougeuza mlango: kwetu kipato kidogo ndicho kinachokutoa nje, kwao ndicho kinachokuingiza. Hatuna hazina kama yao, najua. Swali la nani anastahili halihitaji dola, linahitaji uamuzi.

Kenya nao wamechukua njia nyingine. Kwa sheria ya 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo, fedha zinajenga nyumba za gharama nafuu. Ukiisikiliza vizuri ni binamu wa ile asilimia 2 yetu ya 1974. Nyumba zinazojengwa nyingi ni maghorofa ya mjini, na mvuvi wa Homa Bay au Mbita ana maswali yaleyale ya mvuvi wa Ukerewe.

Mimi pendekezo langu ni dogo, na linaanzia kwenye boma. Nyumba za kanda hii hujengwa kwa vipande, basi na mkopo uwe wa kipande. Mkopo wa paa. Mkopo wa choo na tangi. Mkopo wa kupima na kupata hati. Tuseme paa linataka milioni 6, bati, mbao, misumari na fundi wa kupaua. Kwa asilimia 9, miaka mitatu, ni kama 191,000 kwa mwezi, au kwa mvuvi, kiasi hicho kikigawanywa kwa msimu wa giza badala ya tarehe ya kalenda. Mtu anayelipa kodi ya nyumba Nyamagana na bado ananunua tofali anaweza kukibeba, hasa akikumbuka kwamba siku paa likikaa, ile kodi ya pango inageuka kuwa rejesho.

Dhamana? Boma lenyewe ni ushahidi wa tabia kuliko hati ya mshahara. Mtu aliyenyanyua kuta miaka sita bila kuacha amekwishaonyesha kwamba analipa. Ongeza wanakikundi wanaomdhamini, ongeza bati lipelekwe moja kwa moja eneo la ujenzi badala ya fedha mkononi, maana fedha mkononi, tusidanganyane, ina ndugu wengi. Na hasara ya wachache watakaoshindwa, Serikali ibebe sehemu. Wazo hili lilishaingia kwenye karatasi: ndani ya mradi uleule uliozaa TMRC kulikuwa na mfuko mdogo wa mikopo midogo ya nyumba, chini ya Benki Kuu, wa kuzikopesha taasisi zinazowafikia watu wa kipato cha chini. Ulikuwa mtoto wa pili katika familia, na mtoto wa pili amelishwa makombo.

Wapo watakaosema, tazama mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu marejesho yalipotea na vikundi hewa vilijaa, ikarudishwa baadaye kwa utaratibu mpya. Ni onyo la haki, na Benki ya Nyumba ni onyo kubwa zaidi. Ila kikundi hewa kinaweza kudai kimefuga kuku elfu moja, na kuku wakasemekana wamekufa kwa kideri. Paa halifi kwa kideri. Mwenyekiti wa kitongoji akisimama barabarani analiona kama lipo au halipo.

Na tukumbuke kwamba pengo hili halijakaa wazi. Limejazwa na mikopo ya kausha damu. Unakopa laki moja, mwisho wa mwezi unarudisha laki na thelathini, ukichelewa wanabeba godoro na televisheni, na mtaa mzima unashuhudia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwataka wote hao waandikishwe na wadhibitiwe, na Benki Kuu imekuwa ikiwafungia wasio na leseni. Lakini mama anayekopa kwao ili apate mifuko minne ya saruji kabla mvua haijaangusha ukuta hajali leseni. Anajali mvua.

Kuna mfano mmoja ulio jirani sana na pendekezo langu, nao ni umeme. Kwa muda mrefu mwanakijiji aliambiwa nguzo na nyaya ni gharama yake, akashindwa, akabaki na kibatari. Kisha Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikaamua kwamba kijijini mtu aunganishiwe kwa shilingi 27,000, gharama nyingine ibebwe na mfuko. Leo unapita usiku barabara ya Magu unaona taa mpaka ndani vijijini. Hakuna aliyeulizwa hati ya mshahara ili aunganishiwe taa. Kichekesho ni kwamba masharti ya kuunganishwa yanataka nyumba iwe imeezekwa, kwa hiyo boma letu, hata nguzo ikiwa imesimama hatua kumi kutoka ukutani, linabaki gizani.

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, bajeti za wizara husomwa Dodoma, na ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi huwa mojawapo. Hotuba yake huja na idadi ya hati zilizotolewa, viwanja vilivyopimwa, mashauri yaliyoamuliwa. Hukohuko utasikia habari za TMRC na mikopo ya nyumba. Wabunge wa Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, Kwimba, Sumve, Sengerema, Buchosa na Ukerewe mtakuwa ukumbini. Ulizeni mikopo hiyo imetoka mingapi nje ya Dar es Salaam, na katika iliyokuja mkoani kwetu, mingapi imevuka maji au imetoka nje ya lami. Mkijibiwa kwa asilimia, ombeni idadi ya nyumba, kijiji kwa kijiji.